Fundi Aliyetangulia

Mzee alirudia maelezo yake kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu hakukosea hata neno moja. Hilo ndilo lililomfanya Inspekta aweke kalamu chini.

"Tuanze tena," alisema.

"Afande, si nimeshasema?"

"Umesema vizuri mno. Safari hii anzia katikati. Spana uliishika mkono gani?"

Mzee aliitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Ilikuwa mipana, ya seremala, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa na ukucha uliokufa zamani. Alikuja kituoni mwenyewe juzi asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi, amebeba begi lenye blanketi, mswaki na dawa za presha. Alimwambia askari wa kaunta, "Nimekuja kusema kwamba niliua mtu." Askari akauliza lini. Mzee akajibu, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Askari akakuna kichwa, akampeleka chumba cha mwisho wa korido.

Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya baiskeli zilizookotwa. Sasa kilikuwa ofisi ya kesi zilizolala, na Inspekta alikuwa humo peke yake, mwaka wa nne. Wenzake walimwita Bibi Vumbi. Mwanzoni walimwita hivyo kisogoni. Siku hizi walimwita hata usoni, naye aliitika.

"Mkono wa kulia," alisema mzee. "Nikafungua nati mbili za chini."

Faili la kesi lilikuwa jembamba kama daftari la mwanafunzi mtoro. Lilieleza kwamba kundi la maigizo lililokuwa likizunguka miji midogo kwa malori mawili, ambalo watu walilijua kwa jina la Watu wa Pazia, lilikuwa likicheza katika mji wa reli. Katika sehemu ya tatu ya mchezo, mwigizaji mkuu, aliyeitwa Sultani kwa kuwa kila mchezo yeye ndiye mfalme, alipanda kwenye roshani ya mbao ili ahutubie raia wake. Roshani ikainama, ikaanguka naye. Akavunjika shingo.

Maelezo yalikuwa matatu. Kiongozi wa kundi, waliyemwita Mkuu, alisema marehemu alikuwa amelewa, akayumba, akaegemea ukingo kwa uzito wake wote. Fundi wa jukwaa alisema, "Niliikagua roshani mimi mwenyewe saa kumi jioni, ilikuwa imara." Chini yake palikuwa na sahihi ya mzee huyuhuyu aliyeketi mbele ya Inspekta, wakati huo akijulikana kwa jina la Msumari. Maelezo ya tatu yalikuwa ya daktari, mistari minne tu. Kesi ikafungwa: ajali, chanzo ulevi wa marehemu.

"Kwa nini ulimuua?"

"Alinitukana mbele ya watu."

"Alikutukana nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu juzi hakuwa na maneno tayari. "Matusi tu," alisema hatimaye.

"Roshani ilisimama upande gani wa jukwaa?"

"Kulia, ukiwaelekea watu. Karibu na mlango wa pembeni."

"Una hakika?"

"Ilikuwa inasimama kulia siku zote, afande. Kila mji."

Inspekta aliandika. "Nani tumwarifu kwamba uko hapa? Mke?"

"Marehemu."

"Watoto?"

"Hatukujaaliwa."

"Ndugu? Jirani?"

Mzee alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayepekua mifuko anayojua ni mitupu. "Andika Shangazi," alisema. "Mshonaji wetu wa kundi. Sijui kama yu hai. Mara ya mwisho tulionana miaka kumi na moja iliyopita."

*

Mji wa reli ulikuwa mwendo wa saa mbili na nusu. Inspekta aliendesha mwenyewe, akala mkate na yai ndani ya gari, akafika mchana jua likiwa utosini.

Ukumbi ulikuwepo bado, ila ulikuwa umegeuka ghala la magodoro. Mwenye duka alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kiu ya mteja.

"Mama, tano kwa sita au nne kwa sita?"

"Natafuta jukwaa."

"Jukwaa halina godoro," alisema mwenye duka, lakini alipoona kitambulisho akaacha mzaha. Waliondoa magodoro kumi na mawili, moja baada ya jingine, mpaka mbao za jukwaa zikatokea, kavu, zimepauka, zikilia chini ya miguu.

Inspekta alienda kwanza upande wa kulia. Hapakuwa na mlango wa pembeni. Palikuwa na ngazi ya zege iliyopanda kutoka nyuma na kupita juu ya jukwaa, na chini ya ngazi hiyo mtu mrefu angelazimika kuinamisha kichwa. Alitoa tepu, akapima. Mita mbili na robo. Faili lilisema roshani ilikuwa na kimo cha mita tatu na nusu.

"Ngazi hii ilijengwa lini?"

"Ilizaliwa pamoja na ukumbi. Marehemu baba ndiye aliyejenga. Wale waigizaji ndio waliomfungulia. Ukumbi ulikuwa hata miezi miwili haujafikisha. Kabla ya hapo walikuwa wakicheza kwenye bohari la reli, huko chini. Siku ya kwanza tu, mtu akafa. Baba alisema ukumbi una mkosi, nami nikasema basi tuweke kitu ambacho watu wanalalia tu." Alicheka peke yake, kisha akakohoa. "Samahani, mama."

"Bohari la reli lilikuwa na mlango wa pembeni?"

"Ndiyo. Upande wa kulia. Lilishavunjwa."

Inspekta alivuka kwenda kushoto, akapiga magoti. Alipuliza vumbi, akapitisha kiganja juu ya mbao. Kidole chake kilizama kwenye tundu la bolti. Akatafuta jingine, akalipata. Alizunguka kipande kile cha sakafu kwa magoti, inchi kwa inchi, hadi ukutani, na ukuta wenyewe ulikuwa karibu kabisa na matundu ya nyuma. Yalikuwa manne. Alipiga picha, akachora mchoro, akaandika vipimo.

Mzee aliyedai kuilegeza roshani ile kwa mikono yake hakujua iliposimama. Alikuwa akielezea bohari lililovunjwa. Ndani ya ukumbi huu hakuwahi kukanyaga.

"Magodoro nirudishe?" aliuliza mwenye duka.

"Rudisha. Ila usipige msumari wala kung'oa ubao mpaka nitakapokwambia."

*

Shangazi alikuwa hai. Inspekta alimpata siku ya pili, nyuma ya duka la vitambaa, katika chumba kimoja chenye kitanda, cherehani iliyofunikwa shuka na redio. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Watu aliwatambua kwa sauti tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitandani, kiti kimevunjika. Redio usiizime. Naiacha iongee."

"Nimetoka polisi. Ni kuhusu Msumari."

"Amekufa?" Aliuliza haraka, mkono kifuani.

"Hapana. Yuko mahabusu. Amejileta mwenyewe."

"Kwa kosa lipi? Msumari huyo huyo? Yule akikanyaga chungu anageuka kumwomba radhi."

"Anasema alimuua Sultani. Alilegeza nati za roshani."

Shangazi alinyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio bila kuizima. "Alilegeza kwa mkono gani? Mkono wa kutokea mji mwingine? Msumari hakuwepo, mwanangu. Siku ile alikuwa mji wa kiwanda."

"Ana maelezo aliyotia sahihi, kwamba aliikagua roshani jioni ile."

"Basi sahihi ilifika kabla ya mwenyewe." Alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Ngoja nikueleze tulivyokuwa. Mkuu alikuwa mwalimu wa shule, akaacha chaki, akatukusanya mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nashona sare. Sultani alikuwa karani wa posta. Tulikuwa watu kumi na tisa, malori mawili, miji kumi na minne, siku tatu tatu kila mji. Na kila kundi la namna ile lina mtu wa kutangulia. Wetu alikuwa Msumari. Sisi tukifungua pazia hapa, yeye yuko mji wa mbele anatengeneza jukwaa. Tukifika, anapakia vifaa vyake, anaondoka. Miaka kumi na tisa, hakuwahi kuuona mchezo wetu hata mmoja mpaka mwisho, na watu wakipiga makofi. Aliujua kwa mazoezi tu. Maneno ya kila mtu alikuwa nayo kichwani."

Inspekta aliandika neno "kichwani", akalipigia mstari.

"Ukumbi wa mji wa reli ulikuwa mpya," aliendelea Shangazi. "Jukwaa lilikuwepo tayari. Mkuu akasema hakuna haja ya Msumari kupita huko, aende moja kwa moja mji wa kiwanda, ambako hapakuwa na hata ubao. Roshani waliifunga waigizaji wenyewe, na Mkuu akisimamia. Sultani alipoanguka, mimi ndiye niliyepanda basi kumpelekea Msumari habari. Nilimkuta juu ya jukwaa jipya, misumari imejaa mdomoni. Nikamwambia. Hakulia. Aliitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga kwenye ubao, akaimaliza, ndipo akakaa chini."

"Basi ana mtu anayemkinga," alisema Inspekta. "Katika kundi waliobaki hai ni wangapi?"

"Mkuu alizikwa mwaka jana. Tumebaki wawili. Mimi na yeye."

"Basi anakukinga wewe."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa, ikabidi Inspekta amshike bega. "Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "ningekuwa na mwanamume wa kunikinga, ningeishi na redio?"

Inspekta alifungua faili, akasoma kwa sauti mistari minne ya daktari. Kuvunjika kwa shingo. Michubuko ya bega. Kifo cha papo hapo. Nguo za marehemu zina harufu kali ya pombe.

"Nguo," alisema Shangazi.

"Nguo."

"Na mdomo?"

"Mdomo haukutajwa."

Redio ilitangaza hali ya hewa ya miji mbalimbali. Shangazi alisubiri hadi ikaisha.

"Sultani alikuwa na vidonda vya tumbo. Pombe hakuionja tangu nimjue. Alikuwa anakunywa maji ya moto, anashika kikombe kwa mikono miwili kama mgonjwa." Alipapasa shuka la cherehani. "Joho la mfalme ni zito, halifuliki kila siku. Unalipulizia spiriti kwa ndani, makwapani na shingoni, jasho linakufa. Mimi ndiye niliyekuwa na chupa hiyo, ndani ya sanduku la mavazi. Nilikuwa nimeijaza siku iliyotangulia. Asubuhi baada ya msiba niliikuta tupu, na kizibo hakipo."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Mkuu. Akaniambia, 'Shangazi, watu kumi na wanane wanakula kwenye hili pazia. Ukisema, halmashauri itafunga kila ukumbi.' Nikanyamaza. Na pazia lenyewe halikumaliza mwaka. Watu wa mji wa tatu walikuja kutuzomea, wakituita kundi la walevi."

"Kwa nini Msumari azungumze sasa?"

"Mtoto wa Sultani alikuja hapa, mwezi wa pili sasa. Yule msichana aliyekuwa na miaka sita baba yake alipokufa. Sasa ni mama mtu mzima, mkunga. Kwao amekua akiitwa mtoto wa mlevi, hata siku ya harusi yake mtu alisimama akalisema. Aliniuliza swali moja tu: baba yangu alikufa kwa kulewa? Nikamwelekeza kwa Msumari, nikamwomba asinitaje." Alitafuta mkono wa Inspekta, akaushika. "Nilimrushia yeye. Hilo ndilo nililofanya."

*

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la selo, blanketi limekunjwa vizuri pembeni yake, begi juu ya magoti, kama abiria. Inspekta hakuingia na daftari. Alikaa kwenye ncha ya pili ya benchi.

"Nimefika ukumbini," alisema.

Mzee alilivuta begi kifuani.

"Upande wa kulia kuna ngazi ya zege. Roshani isingeingia hata kwa kuilaza. Waliiweka kushoto. Wewe hukuwahi kuingia mle ndani."

"Nimezeeka, afande. Kulia, kushoto, mtu anachanganya."

"Fundi hachanganyi. Na Shangazi yu hai, anakusalimu. Amenieleza habari ya misumari uliyokuwa nayo mdomoni."

Kichwa cha mzee kiliinama.

"Nilihesabu matundu ya bolti kwenye sakafu," alisema Inspekta. "Manne."

Mzee aligeuka akamtazama. "Manne? Umehakikisha?"

"Nimetambaa kwa magoti."

"Sita," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya mtu aliyekariri. "Yalitakiwa kuwa sita. Miguu minne, na mihimili miwili ya nyuma inayokwenda mshazari. Bila ile miwili, roshani inasimama ikiwa tupu. Mtu mmoja mzito akiegemea mbele, inalala. Niliwaandikia kwa chaki kwenye ubao wa roshani yenyewe: usipande bila sita."

"Nyuma pale ukuta uko karibu."

"Ndivyo Mkuu alivyoniambia. 'Hapakuwa na nafasi, ile miwili tukaiacha kwenye lori.' Aliniambia kesho yake, nilipofika na Shangazi. Kisha akanipa karatasi imeshaandikwa. Akasema, wewe ndiye fundi, neno lako litatosha. Nikatia sahihi. Nilidhani watasema ni ajali tu, basi. Habari ya pombe sikuijua mpaka niliposikia ikisomwa kwenye uamuzi." Alikunja na kukunjua kidole chake chenye ukucha mfu. "Ningeweza kusema pale pale. Nilikaa kimya."

"Na sasa ukaamua kusema uongo mwingine."

"Nani angeniamini nikisema kweli? Neno langu dhidi ya sahihi yangu? Mkuu kaburini, roshani yenyewe haipo, malori yaliuzwa vyuma chakavu. Lakini mtu akisema nimeua, lazima mfungue faili. Na mtu aliyeuawa hawezi kuitwa mlevi. Mtoto angepata baba aliyeuawa. Ni afadhali kuliko aliyenaye."

"Na wewe ungepata kifungo."

Mzee aliinua mabega. "Gerezani kuna watu," alisema. "Nyumbani kwangu, tangu mke wangu afariki, naweza kumaliza wiki nzima sijasikia mtu akiniita."

Inspekta alisimama, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Kisha akamweleza kwa mpangilio, kama anavyowaeleza mashahidi wote. Kosa la kuua halipo. Lipo kosa la kutoa maelezo ya uongo, mara mbili, na atalijibu. Mchoro wa matundu, maelezo ya Shangazi kuhusu chupa, na mistari ya daktari iliyotaja nguo bila kutaja mdomo, vitatosha kuomba uamuzi wa zamani ufutwe. Neno ulevi litatoka kwenye faili. Ila anahitaji maelezo mapya, ya kweli, yasiyokaririwa.

Waliyaandika kwa saa moja na nusu, ofisini. Mzee alikosea, akarudi nyuma, akasahau tarehe, akaikumbuka. Mara mbili aliomba maji. Alipotia sahihi, Inspekta alivuta simu ya mezani na kupiga namba aliyopewa na Shangazi.

Iliitikiwa na mwanamke mwenye sauti ya uchovu. Nyuma yake kitoto kichanga kilikuwa kinalia na milango inafunguliwa. Inspekta alijitambulisha, akaanza kueleza utaratibu. Mwanamke alimkatiza.

"Samahani, mama. Alikuwa amelewa, au hakuwa amelewa? Nijibu hilo kwanza."

"Hakuwa amelewa. Roshani ilifungwa vibaya. Pombe ilimwagwa kwenye nguo zake baada ya kufa."

Kule upande wa pili mlango ulifungwa, kilio cha kitoto kikawa mbali. Inspekta alisubiri. Alihesabu magari matano yakipita dirishani.

"Yule fundi," alisema mwanamke. "Yuko hapo?"

Inspekta alimpa mzee simu. Mzee aliinuka kwenye benchi la ukutani kabla ya kuipokea, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema. "Ulipokuja kwangu nilikwambia sikumbuki. Nilikumbuka. Mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba roshani ilikuwa imara. Sikuwa hata nimeiona."

Inspekta hakusikia jibu. Aliona tu mzee akitikisa kichwa polepole.

"Hapana, hilo siwezi kukwambia. La siku ile silijui, mwanangu. Sikuwepo." Alisikiliza tena, kwa muda mrefu. "Ya kabla ya hapo? Ndiyo. Ya kabla ya hapo nayajua. Ya miaka kumi na tisa." Aliegemea meza. "Alikuwa anaogopa paka. Mfalme mzima, paka akiingia mazoezini anapanda juu ya kreti. Na wewe alikuwa akikutaja. Alikuwa na barua yako moja, umechora lori, matairi saba. Alimwonyesha kila mtu. Alikuwa anasema, mwanangu si mjinga, la saba ni la akiba."

Inspekta alichukua faili, akatoka, akaacha mlango wazi. Alipofika kaunta, askari alimnong'oneza, "Bibi Vumbi, mzee wako anamaliza simu ya serikali. Nimkatie?"

"Thubutu," alisema Inspekta.

Kutoka mwisho wa korido sauti ya mzee iliendelea, ikipanda na kushuka, mara ikiiga ya mtu mwingine, nene, ya kifalme. Inspekta alichukua kiti cha kaunta, akakibeba kumpelekea, maana mzee alikuwa amesimama muda wote.